Jemadari na Wapagazi
Paul von Lettow-Vorbeck alizaliwa Saarlouis, Ujerumani, mwaka 1870. Novemba 1914 aliwashinda Waingereza pale Tanga. Akaendelea kupigana miaka minne. Mwaka 1917 akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na hakuweka silaha chini ila tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Kwao alipokewa kwa shangwe kama jemadari asiyeshindwa. Alifariki Hamburg mwaka 1964.

Lakini, ndugu msomaji, sifa hiyo ilibebwa mabegani mwa nani? Wapagazi walikufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi, na chakula cha wakulima kilitwaliwa kwa nguvu. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Jemadari tunamjua kwa jina. Wapagazi wengi hata makaburi yao hayajulikani.