HAROLD STOREY NA MAGONJWA YA MAHINDI NA MIHOGO



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya wafalme, ya majemadari na ya watu waliovumbua mashini. Mara hii sisi wa mwaka wa sita tumechagua mtu ambaye wengi kati yenu hamujasikia jina lake, ingawa wenye kuchunguza magonjwa ya mimea wanamujua duniani kote. Anaitwa Harold Haydon Storey. Tunawaomba mutazame sahani zenu za leo. Kuna bukari ya mahindi. Kuna sombe, ni kusema majani ya mihogo. Na kama mama wa nyumba ana kitu kidogo, ametia karanga ndani ya sombe. Vyakula hivi vitatu, huyu mutu alivitumikia vyote.

Storey alikuwa Mwingereza. Alizaliwa mwaka 1894. Mwaka ule ule mtaalamu mmoja Mjerumani, Warburg, aliandika kwa mara ya kwanza habari ya ugonjwa wa mihogo alioupata katika inchi inayoitwa leo Tanzania. Majani yanapata madoa ya manjano, yanajikunja, yanakuwa madogo, na mizizi haijai. Tunaujua vizuri. Ukipita katika mashamba ya huku kwetu Koni, pande za Lufira, hautatembea mbali bila kuyaona majani ya namna hiyo.

Kisha kusoma Cambridge, Storey alikwenda Afrika ya Kusini kuwa mtaalamu wa magonjwa ya mimea. Kule Natal mahindi yalikuwa na ugonjwa uliojulikana tangu mwaka 1901: majani yanapigwa mistari mirefu myeupe na ya manjano, na kama mmea ungali mdogo, hautoi muhindi wa maana. Watu walisema ni udongo, wengine ni mbegu mbaya. Storey hakubishana nao. Alichukua vidudu vidogo sana vinavyorukaruka juu ya majani, kila kimoja urefu wa milimita 3 hivi, vilivyokula mahindi magonjwa, akaviweka juu ya mahindi mazima. Mahindi mazima yakagonjwa. Ndivyo alivyoonyesha, katika miaka ya 1924 na 1925, ya kuwa kidudu kile ndicho kinachobeba ugonjwa toka mmea huu mpaka ule. Mwaka 1928 yeye na mwenzake Bottomley wakaonyesha jambo kama lile kwa karanga: ugonjwa unaokunja majani ya karanga unaletwa na vidukari, wale wadudu laini wanaojikusanya chini ya majani.

Mwaka ule wa 1928 alihamia Amani, katika milima ya Usambara huko Tanganyika. Wajerumani walikuwa wamejenga pale nyumba ya uchunguzi wa mimea tangu 1902, na kisha vita ya kwanza Waingereza waliichukua. Vitabu vinataja Storey na wenzake Wazungu, lakini wapenzi wasomaji, mujue ya kuwa kazi ya kulima, kupanda na kuchunga mimea ile ilipita katika mikono ya Waafrika wengi.

Pale Amani Storey alikutana na fumbo. Vidudu vya mahindi ni vya aina moja, vimekula jani moja gonjwa, lakini kimoja kinaambukiza na kingine hapana. Juu ya nini? Mtu mwingine angesema ni bahati tu. Yeye alivizalisha, kizazi kwa kizazi, vinavyoambukiza mbali na visivyoambukiza, tena akavichanganisha na kuhesabu watoto wao. Mwaka 1932 akatangaza ya kuwa uwezo wa kuambukiza unarithiwa, kutoka wazazi kwenda kwa watoto, kwa kanuni zile za Mendel tunazojifunza katika biolojia. Mwaka uliofuata akaeleza namna gani. Alichoma tumbo la kidudu kisichoambukiza kwa sindano nyembamba sana, akakipa jani gonjwa. Kidudu kile kikaanza kuambukiza! Maana yake virusi vinaingia tumboni pamoja na maji ya jani, lakini katika vidudu vingine ukuta wa utumbo unavifungia njia, havifiki katika damu. Fikirini, kutoboa utumbo wa kadudu ka milimita 3 bila kukaua. Sisi tunaopasua chura na mikono inatetemeka, tujifunze hapo.

Sasa tufike ku mihogo. Wa kwanza kusema ya kuwa nzi weupe ndio wanaopeleka ugonjwa wa majani ya manjano walikuwa watafiti wawili waliofanya kazi huku Kongo, Ghesquière na Kufferath, mwaka 1932. Storey na mwenzake Nichols waliufuata ugonjwa huo kule Amani, na mwaka 1938 wakaandika habari yake kwa upana. Mbele ya hapo, mwaka 1936, Storey alieleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa pili, ulio mbaya kuliko ule. Huo unaweza kuacha majani yakionekana mazuri, na siku ya kuvuna unakuta muhogo ndani umeoza rangi ya kahawia. Ugonjwa huo nao umekwisha kuthibitishwa katika mashariki ya inchi yetu.

Lakini kuujua ugonjwa hakushibishi mutu. Kutoka mwaka 1937 Amani ilianza kutafuta mihogo yenye nguvu ya kushindana. Walikusanya mihogo ya inchi nyingi, wakaona hakuna iliyotosha. Basi wakamtafuta ndugu ya muhogo: mti wa mpira wa Ceará, uliotoka Brazili kama muhogo wenyewe. Wakachanganisha muhogo na mti ule. Watoto wa kwanza walikuwa na nguvu juu ya ugonjwa, lakini mizizi yao haikufaa kuliwa. Hawakuitupa. Waliirudisha kwa muhogo, mara ya pili, mara ya tatu, na kila mara walichagua ile iliyo na afya na mizizi mizuri. Kazi hiyo ilichukua miaka 20 hivi, ikaendelea hata 1957, mikononi mwa Nichols na kisha Jennings.

Storey aliingizwa katika chama cha wanasayansi wakubwa wa Uingereza, Royal Society, mwaka 1946. Alikufa mwaka 1969. Wakati huo mtu angeweza kusema mihogo ya Amani imesahauliwa. Sivyo. Katika miaka ya 1950 mbegu zake zilikuwa zimepelekwa Nigeria, na mmoja wa mimea iliyotoka humo ukapewa namba 58308. Miaka ya 1970 mtaalamu Mkorea, Hahn, katika chuo cha uchunguzi cha Ibadan, aliutumia mmea huo kuzaa mihogo mipya. Na katika miaka ya 1990, wakati ugonjwa wa majani ulipoharibu mashamba ya Uganda na njaa ikaingia, mihogo ya uzao ule ndiyo iliyopelekwa kwa wakulima kupanda tena. Mwenye kuanza hakuona mavuno hayo.

Ndugu zetu, kwa nini tumewaandikia haya? Kwa kuwa huku kwetu, shamba likikataa na la jirani likazaa, mara tunasikia ya kuwa jirani ni mlozi. Wazee wamefukuzwa mukini kwa maneno ya namna hiyo. Wakati huo wote kosa liko chini ya jani, ni kanzi keupe ambako mutu anakapita bila kukatazama. Mwanafunzi wa sekondari anayeyajua hayo na kunyamaza amelisaidia neno lile la uwongo.

Tena kuna kazi isiyongoja diploma. Muhogo hatuupandi kwa mbegu, tunaupanda kwa kipande cha mti. Kama mti mama una ugonjwa, kipande kinaupeleka mpaka shamba jipya, hata kama hakuna nzi mmoja. Basi mbele ya mvua za mwaka huu, mukirudi nyumbani, mutembee katika shamba la wazazi wakati majani yangali juu ya miti. Mufunge kamba kwenye miti yenye majani mazima ya kijani, na siku ya kukata mbegu mukate ile tu. Kisha kupanda, mukiona mche unaotoa majani ya madoa, mung'oe mapema, mungali na nafasi ya kupanda mwingine.

Wengine wetu mwaka ujao tutatafuta kazi katika migodi, wengine chuo. Si vibaya. Lakini mchimbaji naye anakula bukari jioni, na Katanga inahitaji vijana wa kuchunguza mashamba yake. Mwenye kupenda biolojia asione haya kusema anataka kusoma kilimo.