Charcot: Tabibu aliyebaini kuwa maradhi ya MS huathiri hata fikira

MWANA wa fundi wa magari ya farasi, Jean-Martin Charcot alizaliwa jijini Paris, Ufaransa, mnamo Novemba 29, 1825. Hakuna aliyedhani kwamba angekuja kuwa tabibu wa neva mwenye sifa kuu barani Ulaya.

Sifa hizo alizichuma Salpêtrière, hospitali iliyokuwa zamani ghala la baruti, ambamo maelfu ya wanawake maskini waliwekwa wakingojea kufa. Alipokabidhiwa wodi huko mnamo 1862, aliona fursa ambayo wengine hawakuiona. Mgonjwa angefuatiliwa kwa miaka mingi, na akishafariki ubongo wake ungechunguzwa.

Hivyo ndivyo alivyoyapambanua, mnamo 1868, maradhi yajulikanayo leo kwa kifupi kama MS. Katika ubongo na uti wa mgongo wa marehemu alikuta mabaka magumu, pale utando unaofunika nyuzi za neva ulipoharibika. Walipokuwa hai, mikono yao ilitetemeka kila walipotaka kushika kitu, macho hayakutulia na usemi ulikuwa wa kukatikakatika.

Inasimuliwa kuwa alimwajiri nyumbani kwake mwanamke mwenye mtetemo huo ili amchunguze kwa karibu. Sahani zilizovunjika zilimgharimu si haba.

Hata hivyo, uchunguzi wake uliostahili heshima zaidi aghalabu hausimuliwi. Charcot aliandika kwamba kumbukumbu za wengi wa wagonjwa hao hudhoofika, fikira hujengeka polepole na hisia hufifia. Wapo waliocheka au kulia pasipo sababu, na wengine walizama katika huzuni kuu.

Waliomfuata walikariri habari za mikono na macho, wakaisahau akili. Kwa zaidi ya karne moja, mgonjwa aliyechelewa kujibu swali, au aliyechoka kabla ya adhuhuri, alidhaniwa mvivu, seuze na jamaa zake mwenyewe. Mnamo 1991, watafiti nchini Marekani waliwalinganisha wagonjwa 100 na watu 100 wenye afya, wakakadiria kuwa asilimia 43 ya wagonjwa walikuwa na upungufu wa utambuzi.

Siku hizi kipimo cha sekunde 90, cha kuoanisha alama na tarakimu, huonyesha kasi ya fikira ilivyopungua. Uchovu na sonona huweza kuizorotesha zaidi. Ndiyo maana daktari makini huyachunguza yote matatu, kwani sonona hutibika.

Charcot hakuwa na tiba. Alijaribu nitrati ya fedha, kloridi ya dhahabu na hata striknini, asifanikiwe.

Wala hakukosa dosari. Wanawake aliosema wana histeria aliwaonyesha mbele ya hadhira kana kwamba ni mchezo wa kuigiza, kijana Sigmund Freud akiwa miongoni mwa watazamaji mnamo 1885 na 1886. Mengi aliyofundisha kuhusu histeria yalitupiliwa mbali muda mfupi baada ya kifo chake.

Aliaga dunia ghafla mnamo Agosti 16, 1893, akiwa safarini Morvan, kando ya ziwa la Settons. Alikuwa na umri wa miaka 67.