Tom Mboya: Bwana Afya Aliyejulikana Duniani

Watoto wetu hapa Mirdif wanamjua Mzee Jomo Kenyatta. Tom Mboya wengi wanamjua kama jina la barabara ya Nairobi. Katika Sikukuu hii ya Jamhuri, tuwasimulie maisha yake.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge karibu na Kilima Mbogo, ambako baba yake, mzaliwa wa Kisiwa cha Rusinga, alikuwa kibarua. Karo ilipokosekana aliacha shule, akasomea kazi ya bwana afya. Mwaka 1951 aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi, kwa mshahara mdogo kuliko wa Mzungu mwenye cheo hichohicho. Sisi tunaokula jasho letu ugenini tunaelewa uchungu huo.

Kutoka hapo aliingia vyama vya wafanyakazi. Wakati wa Hali ya Hatari, vyama vya siasa vilipopigwa marufuku, vyama hivyo ndivyo vilivyobaki kuwasemea Waafrika. Mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya aliwatetea, na mshahara wao ukapanda kwa asilimia 33. Miaka miwili baadaye alichaguliwa kuwa mbunge wa Nairobi.

Alijua nguvu ya magazeti. Tarehe 7 Machi 1960, akiwa na umri wa miaka 29, sura yake ilitokea kwenye jalada la gazeti la Time la Marekani. Hata kabla ya hapo, umaarufu wake aliutumia kuomba nafasi za masomo. Wamarekani wakachanga, akiwemo Jackie Robinson, mchezaji maarufu wa besiboli, na Septemba 1959 ndege ya kwanza ikawapeleka wanafunzi 81. Mwaka uliofuata, kwa msaada wa familia ya Kennedy, alisafiri Wangari Maathai, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Amani ya Nobel.

Lakini umaarufu huohuo ulimletea maadui. Wapinzani wake walimwita kibaraka wa Marekani, kwa kuwa vyama vyake vilipokea fedha za huko. Akiwa waziri na katibu mkuu wa KANU, aliusimamia mkutano wa Limuru mwaka 1966 uliomng'oa Jaramogi Oginga Odinga katika umakamu wa rais wa chama. Wapo wasiomsamehe hadi leo. Wapo pia wanaosema kwamba bila yeye, maelfu ya familia zisingepata msomi wa kwanza. Yote mawili yana ukweli, na mtoto anaweza kuelezwa yote mawili.

Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, alipigwa risasi akitoka duka la dawa katikati ya Nairobi. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kifo kwa mauaji hayo, lakini swali la nani alimtuma halikujibiwa. Mboya alizikwa Rusinga.

Mtakaokwenda nyumbani likizo hii, wapelekeni watoto Moi Avenue. Sanamu yake, iliyozinduliwa mwaka 2011, imesimama hatua chache kutoka pale alipoanguka.