Michael Faraday na Kosa la Mwanafunzi

Sisi tunaowasimamia wanafunzi-walimu katika mazoezi ya kufundisha tumeona jambo moja likijirudia kila somo la sumaku na umeme linapofikiwa. Mtoto huulizwa kitatokea nini sumaku ikiwekwa ndani ya koili ya waya. Hujibu kwamba umeme utapita muda wote sumaku imo ndani. Mwalimu humwambia amekosa, humwita mwingine, na somo huendelea. Kabla ya kumhukumu mtoto huyo, yatupasa kuyatazama maisha ya mtu aliyefikiri kama yeye kwa karibu miaka kumi, naye ndiye aliyekuja kuwafundisha walimwengu jibu lililo sahihi.

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba, 1791, mahali paitwapo Newington, karibu na London, Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi, na nyumba yao ilikuwa ya kimaskini. Shuleni alipata kusoma, kuandika na hesabu kidogo tu. Mwaka 1805, akiwa na miaka 14, alipelekwa kwa mtengenezaji wa majalada ya vitabu ajifunze kazi hiyo kwa miaka 7. Vitabu vilivyoletwa kutiwa majalada alivisoma, na vile vya sayansi vilimvuta zaidi. Mwaka 1812 alipewa tiketi za kuhudhuria mihadhara ya Humphry Davy, mwanakemia mashuhuri. Aliyaandika yote aliyoyasikia, akayatia jalada kwa mkono wake, akampelekea Davy. Mwezi Machi, 1813, aliajiriwa kuwa msaidizi katika maabara ya Royal Institution, London.

Mwaka 1820 Hans Christian Oersted wa Denmark alionyesha kwamba waya unaopitisha umeme huigeuza sindano ya dira. Umeme, basi, huzaa nguvu za sumaku. Faraday alijiuliza kama sumaku nayo yaweza kuzaa umeme, na mwaka 1822 aliliandika jambo hilo katika daftari lake. Hapo ndipo kosa lilipoingia. Waya wenye umeme ni sumaku muda wote umeme unapopita; basi alidhani kwamba sumaku iliyotulia nayo itatoa umeme muda wote iwapo karibu na waya. Mwaka 1825 aliweka waya mbili sambamba, akapitisha umeme katika mmoja na kuutafuta katika wa pili. Hakuona kitu. Alijaribu tena mwaka 1828, asione kitu. Hata hivyo majaribio yaliyoshindwa hakuyaficha. Aliyaandika pamoja na yaliyofaulu.

Wala hakuwa peke yake. Mwaka huo huo wa 1825, Jean-Daniel Colladon wa Geneva aliingiza sumaku katika koili, na galvanometa akaiweka chumba cha pili ili sumaku isiisumbue sindano. Alipokwisha kuiingiza, alitembea hadi chumba kile kutazama. Sindano ilikuwa imekwisha kutulia. Ugunduzi ulimpita akiwa njiani.

Tarehe 29 Agosti, 1831, Faraday alichukua pete ya chuma laini yenye kipenyo cha inchi 6, akaizungushia waya pande mbili. Upande mmoja aliunganisha betri. Waya wa upande wa pili aliupitisha juu ya sindano ya dira. Alipounganisha betri, sindano ilitikisika, kisha ikarudi mahali pake ingawa umeme wa betri uliendelea kupita. Alipokata, ilitikisika tena. Tarehe 17 Oktoba alisukuma sumaku ndani ya koili: sindano ilikwenda upande mmoja, alipoivuta nje ilikwenda upande wa pili, ilipotulia ndani, sindano nayo ilitulia. Kumbe kinachozaa umeme si kuwapo kwa sumaku, bali ni kubadilika kwa nguvu za sumaku zinazopita katika koili. Siku 11 baadaye alizungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku kubwa, akapata umeme usiokatika.

Mtu huyu alikuwa pia mwalimu wa vijana. Kati ya 1827 na 1860 alitoa mara 19 mfululizo wa mihadhara ya Krismasi kwa ajili yao. Alifariki tarehe 25 Agosti, 1867.

Maisha haya yatufunze namna ya kufundisha. Kwanza, jibu la mtoto liandikwe ubaoni bila kuchekwa, maana lina hoja ndani yake. Pili, lijaribiwe hasa: sumaku ilazwe ndani ya koili, na darasa zima lihesabu hadi 30 likitazama sindano. Tatu, mtoto asukume sumaku na kuivuta, polepole kisha upesi, aone tofauti. Halafu asogeze sumaku na koili kwa pamoja, aone kwamba mwendo peke yake hautoshi. Pasipo galvanometa, dira iliyozungushiwa waya mara nyingi yafaa, mradi ikae mbali na sumaku. Mtoto mmoja ashike sumaku na mwingine atazame sindano, ili yasiwapate yaliyompata Colladon. Mwisho, waulizwe kwa nini taa ya baiskeli yenye dinamo huzimika gurudumu linaposimama, ilhali sumaku ingali mle ndani.

Mtoto aliyekatazwa kukosea hunyamaza, na kosa lake hukaa naye hadi utu uzimani. Faraday alipata nafasi ya kukosea mpaka akaona. Nafasi hiyo hiyo, ndugu walimu, ndiyo tunayodaiwa na watoto wetu.