Bi Siti alivyoingia kwangu Nakuru

Nimehamia Nakuru miaka mingi, baridi ya Menengai nimeizoea, lakini santuri za Bi Siti binti Saad sijaziacha. Juzi jirani yangu, mama wa Njoro aliyepanga mlango wa pili, alinikuta nikisikiliza wimbo wa Kijiti akauliza huyu bibi analilia nini. Nikamwambia halii, anashtaki. Ikabidi nimweleze.

Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata 1880, kwa wazazi wa asili ya utumwa, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Mamake alifinyanga vyungu, yeye akivitembeza huku akinadi, na koo lilikomaa njiani humo. Mwaka 1911 akahamia mjini, Ali Muhsin akamfunza kuimba. Taarabu wakati huo ilikuwa ya kasri tangu enzi za Sayyid Barghash, ya Kiarabu na ya wanaume. Huyu mwanamke asiyejua kusoma akahifadhi nyimbo za Kiarabu kwa moyo, kisha akaigeuza taarabu kuwa ya Kiswahili. Walimcheka ukoo, wakamcheka na sura. Akawajibu kwa wimbo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na mwanamke wa Afrika Mashariki alikuwa hajawahi kufanya hivyo. (Katika kundi lake alikuwamo Mbaruk Talsam, mtu wa Mombasa. Waunguja wasijisifu peke yao!) Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Alifariki 1950.

Lakini jirani alitaka habari za Kijiti. Basi: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alitolewa matembezi, kulikuwa na ulevi, na Kijiti akamuua. Muuaji akatorokea bara. Mahakamani wanawake waliokuwa na marehemu, waliokwenda kusema waliyoyaona, ndio waliofungwa, kwa kosa la kununua pombe. Bi Siti akaichukua hukumu ile akaiimba mbele za watu, wakati wa serikali ya Mwingereza, naye ni binti wa mfinyanzi asiye na wa kumtetea. Kwangu mimi hilo lapita safari ya Bombay.

Yule mama alinyamaza kitambo. Bintiye ni shahidi katika kesi ya shoga yake, na tangu Machi watu wanamuuliza yeye alifuata nini baani usiku ule. Akaniomba niurudishe wimbo mwanzo, na kila ubeti nimfasirie.