Karen Blixen: Mlezi Asiyejaaliwa Mwana

Wahenga walinena kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hata hivyo, palikuwa na bibi mmoja hapa kwetu Kenya ambaye hakujaaliwa kuzaa, na nyumba yake ikajaa wana wa watu. Huyo ni Karen Blixen, mwandishi na mchoraji wa Denmark, ambaye nyumba yake ingali imesimama magharibi ya jiji la Nairobi.

Alizaliwa mwaka 1885 huko Rungsted, kando ya bahari, na katika ujana wake alisomea uchoraji mjini Copenhagen. Tarehe 14 Januari, 1914, alishuka melini Mombasa, na siku iyo hiyo akafunga ndoa na Bror Blixen, kabaila wa Sweden. Maharusi wakapanda gari la moshi kwenda bara, wakaanza kulima kahawa chini ya vilima vya Ngong. Shamba lao lilikuwa na ekari zipatazo 6,000. Ardhi hiyo serikali ya kikoloni ilikuwa imeitwaa, na Wagikuyu walioishi humo wakageuzwa maskwota, wakimtumikia mzungu ili waruhusiwe kukaa na kulisha ng'ombe wao.

Ndoa haikuwa na heri. Mume alimwambukiza maradhi mazito mapema, na mwaka 1925 wakaachana. Mtoto aliyemtamani hakuja.

Lakini nyumba haikuwa kimya. Msimamizi wake alikuwa Farah Aden, Msomali, Mwislamu mwenye msimamo, aliyeshika fedha na funguo zote. Farah alipooa, mkewe alikuja pamoja na mama yake na mdogo wake wa kike, wakakaa hapo hapo shambani. Jioni Karen aliwaendea, akaketi nao kusikiliza hadithi za bibi mkubwa. Aliwaona wanawake wenye stara na dini, wanaojua thamani yao, akawastahi.

Kulikuwa na Kamante, kijana wa Kigikuyu mwenye vidonda vibaya miguuni. Karen alimtibu, na aliposhindwa akampeleka hospitali ya misheni ya Waskoti huko Kikuyu. Alipopona akawa mpishi hodari. Kulikuwa pia na Abdullahi, ndugu mdogo wa Farah, mwenye akili nyepesi ya hesabu, ambaye Karen alimsomesha. Baadaye kijana huyo alikuwa hakimu Hargeisa.

Huko Uholanzi, katika karne ya 17, wachoraji kama Johannes Vermeer na Pieter de Hooch walipata sifa kwa kuchora mambo ya nyumbani: mama akimtafuta mwanawe chawa, mtumishi akimimina maziwa. Walionyesha kuwa kazi ya nyumba nayo ina heshima yake. Karen naye, alipopata nafasi katikati ya hesabu za kahawa, hakuchora magavana. Alichora waliokuwa karibu naye: msichana wa Kigikuyu, mzee wa Kigikuyu, na yule Abdullahi. Kila mmoja ana uso wake, si kivuli cha bwana wake.

Kahawa haikustawi katika ardhi ile ya juu na ya baridi, na mwaka 1931 shamba likauzwa ili likatwe viwanja vya nyumba. Maskwota wakaamriwa kuondoka, kila mmoja ashike njia yake. Wao waliomba jambo moja tu, wasitenganishwe. Karen, aliyekwisha filisika na aliyekuwa ametoka kumzika rafiki yake Denys Finch Hatton, alizunguka ofisi za serikali mjini Nairobi miezi kadhaa, akikataliwa huku na kule. Mwishowe wakapewa sehemu ya msitu wa Dagoretti, wakae pamoja na mifugo yao. Fadhila hiyo haikufuta dhuluma ya kwanza, kwani walipewa kipande cha nchi yao wenyewe. Lakini jamaa hawakutawanyika.

Karen alirudi kwao, na mwaka 1937 akatoa kitabu cha Out of Africa kilichomletea sifa duniani. Hakurudi tena Kenya. Alifariki mwaka 1962. Nyumba yake ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986. Aendaye kuitazama akumbuke kuwa haikusimama kwa nguvu za mwenyewe peke yake. Ilisimama kwa mikono ya Farah, Kamante na wanawake wa Kisomali.