Kakungulu na Zaburi za Mbale

Waingereza waliopita Machakos wakielekea Buganda mwaka 1890 walimkuta huko jemadari Semei Kakungulu. Akawatekea mashariki ya Uganda akitaraji ufalme, hakuupata. Akahamia dhehebu la Malaki. Wenzake walipomwambia tohara ni mambo ya Mayahudi (msomaji wa pwani atacheka), akajibu kuwa basi yeye ni Myahudi, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Mwaka 1922 akawaandikia wafuasi wake kitabu cha sharia na sala kwa Kiganda. Zaburi za Nabii Daudi wakaziimba kwa lugha hiyo hiyo, mmoja akitoa na umati ukiitikia, kwa mahadhi yaliyobaki na ladha ya kanisa. Alifariki mwaka 1928. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao, waliobaki walisali kwa siri.